Punda na ahadi ya bara zima: hesabu peke yake haitoshi

Mwanzoni mwa Desemba 2022, maofisa wa serikali za Afrika, madaktari wa mifugo na mashirika ya kutetea wanyama walikutana Dar es Salaam kwa siku mbili kumzungumzia punda. Mkutano huo uliandaliwa na Serikali ya Tanzania pamoja na AU-IBAR, ofisi ya Umoja wa Afrika inayosimamia rasilimali za wanyama na yenye makao yake Nairobi, kwa kushirikiana na mashirika manne ya kimataifa yanayohudumia wanyama wa kazi. Waliondoka na azimio lililo wazi: Afrika isitishe uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Februari 2024, katika kikao cha 37 cha wakuu wa nchi na serikali mjini Addis Ababa, Umoja wa Afrika ukaridhia marufuku hiyo kwa bara zima.

Kutoka Dar hadi Addis ilikuwa miezi 14. Kwa mwendo wa vyombo vyetu vya bara, hiyo ni kasi kubwa, hasa kwa mnyama ambaye wizara nyingi za mifugo humweka mkiani mwa orodha, nyuma ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na kuku.

Naiheshimu ahadi hiyo. Nataka kueleza kwa nini ilibidi itolewe na wengi kwa pamoja, na kwa nini nchi zilizojaribu peke yao zilikwama. Lakini nina jambo la pili la kusema, na ndilo zito zaidi. Hoja iliyotufikisha Addis ilikuwa kwanza hoja ya idadi: punda wanakwisha. Hoja ya kwamba punda wanaumia ilikuwemo, lakini ilikaa nyuma. Nionavyo, mpangilio huo ndio udhaifu wa ahadi yetu. Usiporekebishwa mapema, siku itafika ambapo ahadi itavunjwa kwa kutumia hoja zake yenyewe.

Soko lililokuja kutafuta ngozi

Ejiao ni gelatini inayopatikana kwa kuloweka ngozi ya punda na kuichemsha kwa muda mrefu hadi itoe uji mzito, ambao hukaushwa na kukatwa vipande. Chimbuko lake ni China, hasa jimbo la Shandong, ambako imetumika kwa karne nyingi kama dawa ya kuongeza damu na kutuliza maradhi ya wanawake. Zamani ilikuwa anasa ya wachache. Kipato cha tabaka la kati kilipopanda, na baada ya tamthilia maarufu ya televisheni ya 2011 kuionyesha ikitumiwa na wake za mfalme, ikawa bidhaa ya kila duka: vidonge, vinywaji, vitafunio, vipodozi.

Punda wa China hawakutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchi hiyo ilikuwa na punda takriban milioni 11. Kufikia mwisho wa muongo uliopita walikuwa wamebaki chini ya milioni 3, kwa sababu matrekta na malori yalichukua kazi yao na kwa sababu ya ngozi yenyewe. Maumbile ya punda hayasaidii kuziba pengo kama hilo. Jike hubeba mimba kwa muda unaokaribia mwaka mzima au kuupita, huzaa mtoto mmoja, na mtoto huyo huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa naye. Mfugaji wa kuku anaweza kujaza banda upya ndani ya miezi michache. Kwa punda, jambo hilo huhitaji miaka mingi.

Wanunuzi wakaigeukia Afrika, makao ya karibu theluthi mbili ya punda wote duniani, wanaokadiriwa kuwa milioni 53. Mwaka 2024 shirika la The Donkey Sanctuary lilikadiria kwamba viwanda vya ejiao hutumia ngozi zipatazo milioni 5.9 kila mwaka. Zilinganishe namba hizo mbili. Ni sawa na zaidi ya punda mmoja katika kila kumi walioko duniani, mwaka baada ya mwaka. Hakuna kundi la punda linalozaliana kwa kasi ya kufidia upungufu huo.

Nchi moja ilifunga, jirani akafungua

Kenya inatupa mfano ulio wazi kuliko yote. Kuanzia 2016 machinjio ya punda yaliyopewa leseni yalifunguliwa katika maeneo kama Baringo, Naivasha na Turkana. Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo, KALRO, lilichunguza yaliyofuata. Kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018 walichinjwa punda 301,977, yaani asilimia 15.4 ya punda wote wa nchi. Kwa mwaka, uchinjaji ulikwenda kwa asilimia 5.1 huku kundi likiongezeka kwa asilimia 1 hivi. Watafiti walionya kwamba mwendo huo ukiendelea, Kenya ingeweza kubaki bila punda kufikia 2023. Sensa ya 2009 ilikuwa imehesabu punda milioni 1.8. Ile ya 2019 iliwakuta karibu milioni 1.2.

Nyuma ya takwimu hizo kulikuwa na wizi. Wenye punda waliamka na kukuta mabaki porini, ngozi imechunwa na nyama imeachwa. Aliyetaka kununua mwingine alikuta bei imepanda kupita uwezo wake, kwa sababu sasa alishindana na machinjio. Katika kaya nyingi za vijijini hasara hiyo iliangukia mgongoni mwa mwanamke. Maji yaliyokuwa yakibebwa na punda yalirudi kichwani kwake au kwa binti aliyepaswa kuwa darasani. Anayesema kwamba ustawi wa wanyama ni anasa ya nchi tajiri hajawahi kuishi katika nyumba iliyopoteza punda wake pekee.

Februari 2020 waziri wa kilimo wa Kenya aliamuru machinjio yafungwe. Mei 2021 Mahakama Kuu ikaibatilisha amri hiyo, baada ya mwekezaji wa machinjio kwenda kudai haki yake. Jambo hili linahitaji kutazamwa kwa makini. Uamuzi wa kuokoa zaidi ya punda milioni moja ulikuwa umening'inia kwenye saini ya waziri mmoja, na ulipoulizwa msingi wake mahakamani haukusimama.

Tanzania nayo ilipita njia ya kupanda na kushuka. Ilizuia uchinjaji mwaka 2017, ikauruhusu tena, kisha mwishoni mwa 2021 ikatangaza marufuku ya miaka 10. Wakati wa mabadiliko hayo yote, mipaka ilikuwa wazi kwa anayezijua njia za panya. Kenya ilipochinja, punda waliingizwa kutoka Ethiopia na Tanzania. Kenya ilipofunga, mkondo uligeuka kuelekea kusini. Huko Afrika Magharibi ilikuwa hivyo hivyo: Burkina Faso na Niger zilipiga marufuku usafirishaji wa punda mwaka 2016. Niger ilichukua hatua hiyo baada ya kuona punda 80,000 wakitoka nje katika miezi tisa, ilhali mwaka mzima uliotangulia walitoka 27,000. Biashara haikufa. Ilihamia kwa majirani ambao bado hawakuwa wamesema neno.

Hapo ndipo tunapata jibu la swali la kwanza. Ahadi ya pamoja inahitajika kwa sababu ukatili wenye faida husafiri. Serikali moja ikiukataa, inampa jirani mapato na kujibakizia wizi. Mfanyabiashara mwaminifu anayekataa ngozi ya punda aliyeibwa anamwachia mwenzake oda. Kila mmoja akisubiri mwingine aanze, wote hubaki walipo, hata kama moyoni wote wanachukia kinachofanyika. Ahadi inayotolewa kwa wakati mmoja na wote humwondolea kila mmoja hofu ya kuwa mjinga wa peke yake sokoni.

Waliokaa kwenye meza hawakuja kwa sababu moja

Yafaa tuwe wakweli juu ya waliokutana Dar es Salaam. Serikali zilikuja na hofu ya uchumi wa vijijini, magendo, na magonjwa yanayosafiri na mifugo isiyopimwa. Wataalamu wa AU-IBAR walikuja na takwimu za makundi yanayopungua. Brooke, The Donkey Sanctuary, SPANA na World Horse Welfare, ambayo yameungana katika muungano mmoja wa kutetea wanyama wa kazi wa jamii ya farasi, yalikuja na kumbukumbu za mateso. Mashirika hayo manne yenyewe yana historia tofauti. SPANA ilianzishwa 1923 na mama na binti yake walioguswa na hali ya wanyama wa kazi Afrika Kaskazini. Brooke ilianza Cairo mwaka 1934, Dorothy Brooke alipofungua hospitali ya wanyama kwa ajili ya farasi wa vita waliotelekezwa. The Donkey Sanctuary ilianzishwa Uingereza mwaka 1969 na Elisabeth Svendsen. Kwa muda mrefu kila moja lilikuwa na wafadhili wake, maeneo yake na lugha yake.

Sioni kosa katika watu wenye sababu tofauti kutia saini karatasi moja. Hivyo ndivyo makubaliano makubwa yanavyopatikana. Ushirika wa wakulima hauhitaji kila mwanachama awe na nia safi. Unahitaji kila mmoja alete kahawa yake kwenye mizani ile ile. Tatizo huanza pale ambapo mizani yenyewe haijakubaliwa. Tunapoahidi kumtendea mnyama vema, tunapima nini?

Jibu lipo tayari, na si jipya. Mwaka 1964 Ruth Harrison alichapisha nchini Uingereza kitabu kilichoeleza maisha ya wanyama katika ufugaji wa kiwandani. Serikali ikaunda kamati chini ya Profesa Roger Brambell, iliyotoa ripoti yake mwaka 1965. Kutokana na kazi hiyo, mwaka 1979 baraza la ustawi wa wanyama wa mashambani likaweka kipimo kinachojulikana leo kama uhuru wa aina tano: mnyama awe huru na njaa na kiu, awe huru na mazingira yanayomsumbua, awe huru na maumivu, majeraha na maradhi, awe huru kuishi kwa tabia za asili yake, na awe huru na hofu na dhiki. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, WOAH, lina viwango vinavyobeba misingi hiyo, na mwaka 2016 wanachama wake walipitisha sura maalumu kuhusu punda, farasi na nyumbu wa kazi. Serikali zetu ni wanachama. Machi 2022, jijini Nairobi, Baraza la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilipitisha azimio lililowasilishwa na Ghana na kuungwa mkono na nchi nyingine za Afrika, likiunganisha moja kwa moja ustawi wa wanyama, mazingira na maendeleo endelevu. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008. Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, Sura ya 360.

Kwa hiyo mizani ipo, na tumeshaitia saini mara kadhaa. Kilichobaki ni kuitumia kama msingi wa ahadi yetu juu ya punda, badala ya kuiacha kwenye makabati ya wizara huku tukihesabu vichwa.

Hesabu inaweza kugeuka

Chukua hoja ya idadi kama ilivyo. Inasema: tusichinje punda kwa ajili ya ngozi, kwa sababu wanachinjwa haraka kuliko wanavyozaliwa, na wananchi wanawahitaji. Ni hoja yenye nguvu, na ni ya kweli leo. Sasa fikiria mwekezaji anakuja mwaka 2035 na mpango wa shamba la punda 50,000. Anasema hatanunua punda wa mwanakijiji hata mmoja. Atazalisha wake, kwa chakula chake, ndani ya uzio wake. Ataajiri vijana mia kadhaa na kulipa kodi. Idadi ya punda nchini itaongezeka kwa sababu yake.

Hoja ya idadi haina la kumjibu. Itabidi imfungulie lango.

Hoja ya ustawi inalo jibu, na jibu lake linatokana na mnyama mwenyewe. Punda ana tabia ya kushikamana na mwenzake mmoja. Wawili waliozoeana hula pamoja, hulala karibu, na wakitenganishwa mmoja anaweza kuacha kula. Hilo si jambo la huruma tu, kwa sababu mwili wa punda una hatari ya pekee. Anapoacha kula kwa sababu ya dhiki, maradhi au safari ndefu, mafuta yaliyohifadhiwa mwilini humiminika kwenye damu kwa wingi, ini na figo hulemewa, na mnyama aliyeonekana mzima anaweza kufa ndani ya siku chache. Wenye mimba na wanaonyonyesha ndio walio hatarini zaidi. Kuna jambo jingine ambalo kila daktari wa mifugo aliyewatibu punda analijua: punda huficha maumivu. Ng'ombe ataguna na mbwa atalia. Punda mwenye tumbo linalomuua anaweza kusimama kimya tu, kichwa kimeinama kidogo, na asiyemjua akadhani amepumzika. Katika kundi la maelfu, wanaohudumiwa na wafanyakazi wachache, dalili hizo hazitaonekana.

Mnyama wa namna hiyo hawezi kufugwa kiwandani bila mateso yaliyojengwa ndani ya mfumo wenyewe. Kabla hatujafika kwenye shamba hilo la kufikirika, tayari tumeona biashara ya ngozi inavyowatendea. Ripoti za mashirika katika nchi mbalimbali zimeeleza punda wakitembezwa mwendo mrefu bila maji, wakirundikwa kwenye malori, majike wakiharibu mimba njiani, waliovunjika miguu wakiburutwa. Sababu yake ni ya kibiashara. Mnunuzi wa nyama hujali hali ya mnyama, kwa kuwa mnyama aliyekonda au mgonjwa humpunguzia kilo. Mnunuzi wa ngozi hana sababu hiyo, kwa sababu ngozi ya punda aliyekufa kwa kiu hupokelewa kama nyingine. Hakuna hatua katika mnyororo huo ambapo maisha mema ya punda yanamwongezea mtu hata shilingi moja. Soko la aina hiyo halirekebishwi kwa mafunzo wala kwa leseni bora.

Hiyo ndiyo sababu iliyopaswa kuandikwa katika mstari wa kwanza wa ahadi, na bado tunaweza kuiandika. Kama lengo ni miaka 15 kuanzia 2024, tuna mpaka 2039. Ikiwa kufikia hapo tutakuwa tumesema tu kwamba punda walikuwa wachache, tutaulizwa: sasa si wameongezeka?

Hoja za upande wa pili

Wapo wanaoipinga marufuku kwa nia njema, na wanastahili kusikilizwa. Wa kwanza ni mwenye punda anayesema: mnyama ni wangu, kwa nini serikali inizuie kumuuza kwa bei nzuri? Ana haki ya kuuliza. Lakini soko lililompa bei nzuri siku ile lilimnyima uwezo wa kununua mwingine mwezi uliofuata, na lilimlipa mwizi bei ile ile. Haki yake ya mali ililindwa zaidi marufuku ilipowekwa kuliko soko lilipokuwa wazi. Hata hivyo, marufuku isiyompa huduma yoyote, si chanjo, si dawa ya minyoo, si mkopo wa kununua punda mwingine, ni ahadi inayompa yeye mzigo na wengine sifa.

Wa pili anasema tunawadharau wanaotumia ejiao na mila zao. Sikubaliani. Dawa za jadi zinastahili heshima popote zilipo, nasi tuna zetu. Heshima hiyo haimlazimishi mkulima wa Mwea au Singida kutoa mnyama wake wa kazi ili bidhaa ya vipodozi iongezeke madukani. Na juhudi za kutengeneza kolajeni ya punda maabara, bila kuchinja, zinastahili kuungwa mkono na kila anayependa mila hiyo idumu.

Wa tatu anauliza: mbona tunachinja ng'ombe na mbuzi kila siku? Swali hili ni gumu kuliko mengine, na jibu lake halipaswi kuwa kwamba punda ni bora. Jibu ni kwamba kipimo kile kile cha uhuru wa aina tano kinamhusu ng'ombe anayesafirishwa kutoka Garissa hadi Nairobi amesimama kwenye lori bila maji, na kuku aliyefungwa miguu na kuning'inizwa kichwa chini kwenye pikipiki. Ahadi ya punda ikiwa ya kweli, itatufundisha kuwaangalia na hao. Anayeogopa swali hilo anakiri kwamba alikuwa akilinda idadi tu.

Ahadi hufa vipi

Dunia imejaa ahadi za ustawi wa wanyama zilizotolewa kwa shangwe. Juni 2021 Tume ya Ulaya, baada ya wananchi wapatao milioni 1.4 kutia saini ombi la kukomesha vizimba vya mifugo, iliahidi kuleta muswada kufikia mwisho wa 2023. Mwaka ukaisha bila muswada huo. Kampuni kubwa za vyakula nazo ziliahidi kwamba kufikia 2025 hazitatumia mayai ya kuku wa vizimba. Nyingine zilitimiza, nyingine zilisogeza tarehe, na nyingine ziliacha tu kutoa taarifa. Zilizotimiza mara nyingi ni zile zilizokuwa zikichapisha maendeleo yao kila mwaka, huku mashirika ya nje yakizifuatilia kwa majina.

Ahadi zetu hufa kwa njia hiyo hiyo ya ukimya. Uamuzi wa wakuu wa nchi Addis haujitekelezi wenyewe. Kila nchi inapaswa kuuingiza katika sheria zake, na pale ulipobaki tamko la waziri, unaweza kuanguka mahakamani kama ulivyoanguka Kenya. Mnunuzi mkuu hakuwa kwenye meza, na hamu yake haijapungua; biashara inatafuta milango kwingine, Pakistan ikiwa miongoni mwa nchi zinazotajwa. Kwa sababu hiyo ahadi inahitaji washirika wa upande wa soko: kampuni za meli zinazokataa kubeba ngozi hizo, na majukwaa ya biashara ya mtandaoni kama eBay, ambayo mwaka 2017 ilikubali kuacha kuuza ejiao. Juni 2025 wadau walikutana tena, safari hii Abidjan, kuzungumzia mkakati wa bara zima kwa ajili ya punda. Hiyo ni dalili njema. Mkutano wa tatu usiwe wa kupitisha azimio lingine. Uwe wa kusomeana taarifa, nchi kwa nchi.

Taarifa hizo ziwe na mambo manne yanayoweza kukaguliwa. La kwanza, sheria: je, marufuku imo katika sheria ya bunge, na sababu yake ya ustawi imeandikwa humo? La pili, hesabu: sensa ya mifugo imewahesabu punda lini mara ya mwisho? La tatu, mipaka: ngozi ngapi zimekamatwa, na kesi ngapi zimefika hukumu? La nne, ambalo ndilo linalosahaulika, hali ya punda walio hai: wangapi wana vidonda vya mgongoni, wangapi wamekonda, wangapi wamefikiwa na afisa mifugo mwaka huo? Vipimo hivyo vinajulikana na ni rahisi kuchukua. Hakuna haja ya maabara.

Aliyeponea kisu asiachiwe fimbo

Jambo hilo la nne ndilo litakaloonyesha kama tulimaanisha. Punda aliyeokolewa na machinjio ya Naivasha bado anaamka kesho kuvuta mkokoteni wenye nira isiyomtosha. Mwongozo wa kawaida ni kwamba mgongoni asibebeshwe zaidi ya takriban theluthi ya uzito wake. Punda mwenye kilo 150 anastahili mzigo wa kilo 50. Madumu manne ya lita 20 yakijaa maji yana kilo 80. Mama anayempakia hivyo si mkatili. Ana mnyama mmoja, kisima kiko mbali, na hakuna aliyewahi kumweleza kwamba safari mbili zenye madumu mawili zitampa punda wa kumtumikia miaka mingi zaidi. Sisi tuliosoma haya na kukaa nayo ndio wenye deni kwake.

Mambo haya yanawezekana, na mfano tunao pwani. Lamu, ambako vichochoro vya mji wa kale havipitishi gari, punda ndio lori, teksi na mkokoteni. Mwaka 1987 The Donkey Sanctuary ilifungua pale kituo cha kuwatibu bila malipo, na yakaanzishwa mashindano ya punda waliotunzwa vizuri. Fahari ya mmiliki ikageuzwa kuwa ulinzi wa mnyama. Bara, mradi wa KENDAT, shirika la Kenya, ulioitwa Heshima kwa Punda ulifanya kazi na wenye mikokoteni wenyewe, katika vikundi vyao, kwa kuanzia na matandiko bora na utunzaji wa kwato. Katika mifano yote miwili ahadi ilishuka hadi kwa mtu anayeshika kamba. Ndipo ilipopata nguvu.

Mwaka 2022 utafiti wa vinasaba uliochapishwa katika jarida la Science ulionyesha kwamba punda wote wa dunia wana asili moja: walifugwa kwa mara ya kwanza Afrika Mashariki, takriban miaka 7,000 iliyopita, kisha wakasambaa hadi Ulaya na Asia. Uhusiano huu ulianzia kwetu. Una umri mkubwa kuliko mataifa yetu na dini tulizo nazo leo.

Basi tuikamilishe ahadi iliyoanzia Dar es Salaam. Mabunge ya Nairobi na Dodoma yaiweke katika sheria na yataje maumivu ya mnyama kuwa sababu inayojitosheleza. AU-IBAR ichapishe kila mwaka hali ya kila nchi, kwa majina. Mashirika manne yaliyotushika mkono hadi Addis yapeleke nusu ya nguvu zao kwa punda wa kazi na wenye punda, kwa sababu kampeni ya ngozi bila huduma ya vijijini haitaaminika muda mrefu. Na vyama vya waendesha mikokoteni, vyama vya watumia maji na vikundi vya akina mama viwe na viti vyao katika mikutano ijayo, kwa kuwa ndio watakaoitimiza au kuivunja. Serikali ikiahidi kwa sababu ya takwimu, takwimu zikibadilika itajiona huru. Ikiahidi kwa sababu inakubali kwamba kiumbe huyu anahisi njaa, hofu na maumivu kama kiumbe mwingine yeyote aliye hai, hakuna soko litakaloweza kuiambia kwamba sababu hiyo imekwisha muda wake.